Kazi ya diwani hufanyika kwenye kamati: tufuatilie vikao vya kamati za halmashauri, tusisubiri Baraza

Mratibu wa Vikao (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Kila baada ya miezi mitatu, halmashauri zetu zinapofanya mikutano ya Baraza la Madiwani, vipande vya video husambaa kwenye simu zetu, na sisi wananchi tunaanza kuwapima madiwani kwa namna walivyozungumza. Aliyefoka anasifiwa kuwa ni mtetezi wa wanyonge, na aliyekaa kimya anaambiwa kuwa amekwenda kula posho. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandaa makabrasha ya vikao vya halmashauri na kuandika mihtasari yake, na kutokana na kazi hiyo nimefikia imani moja ambayo ningependa tuijadili hapa kwa utulivu: tunamtazama diwani mahali ambapo sehemu kubwa ya kazi yake imekwisha kufanyika, au imekwisha kuharibika. Jambo linapofika barazani huwa limepita kwenye kamati, limejadiliwa, limepewa mafungu au limenyimwa, na kinachobaki ni kuthibitisha taarifa ya kamati.

Ninazungumzia Tanzania Bara, yenye halmashauri 184, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake. Msingi wa halmashauri hizi umo kwenye Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 145 na ya 146, zinazoeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wazee watakumbuka kwamba halmashauri zilifutwa mwaka 1972, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu, na kwamba sheria za mwaka 1982 ndizo zilizozirejesha: Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya, Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, na Sura ya 290 kwa masuala ya fedha. Sheria hizo, pamoja na Kanuni za Kudumu ambazo kila halmashauri inazo, ndizo zinazosema nani anakaa kwenye kikao gani, anaamua nini, na anaishia wapi.

Halmashauri ya wilaya ina Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Ina Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Na ina Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ipo pia ya Kudhibiti UKIMWI, na ipo ya Maadili inayoshughulikia mwenendo wa madiwani wenyewe. Mijini majina na mgawanyo hubadilika kidogo, na huko ndiko kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo mtu yeyote mwenye kiwanja mjini angefaa kuifahamu. Kamati nyingi hukutana mara moja kwa robo mwaka, kabla ya Baraza. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi, na huongozwa na mwenyekiti wa halmashauri au meya mwenyewe. Wenyeviti wa kamati nyingine huwa wajumbe wake, na mbunge wa jimbo huwamo pia.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo Kamati ya Fedha, kwa sababu ndiko mambo yanakoamuliwa.

Kila mwezi mjumbe hupokea taarifa ya mapato na matumizi. Zamani ilikuwa kabrasha nene la karatasi. Siku hizi halmashauri nyingi huituma kwenye kishikwambi. Ndani yake kuna jedwali lenye chanzo cha mapato, makisio ya mwaka, makusanyo ya mwezi, makusanyo tangu Julai, na asilimia. Diwani anayejua kulisoma jedwali hilo huona mambo ambayo hakuna mtumishi atakayemweleza kwa hiari. Akiona ushuru wa mnada umeshuka ghafla katika mwezi wa mavuno, wakati yeye mwenyewe alipita mnadani akakuta umefurika, anayo hoja. Akiona mashine za kukusanyia ushuru zimeorodheshwa na baadhi hazikuingiza chochote kwa wiki nzima, anayo haki ya kutaka kujua zilikuwa mikononi mwa nani na fedha zilizokusanywa zilipelekwa benki siku gani. Swali la namna hiyo, likiulizwa kwenye kamati mbele ya mweka hazina huku muhtasari ukiandikwa, lina nguvu kuliko hotuba kumi za barazani, kwa sababu linazaa azimio lenye mhusika na tarehe.

Kwenye kamati hiyo hiyo huletwa maombi ya uhamisho wa mafungu. Wananchi wengi hawajawahi kulisikia jambo hili, ilhali ndilo linaloua miradi yao kimyakimya. Baraza linaweza kuwa limepitisha bajeti yenye fedha za kukamilisha nyumba ya mwalimu katika kata yenu, lakini katikati ya mwaka ukaja waraka wa nusu ukurasa unaoomba fedha hizo zihamishiwe kwenye shughuli nyingine kwa sababu ya dharura. Wajumbe wakiwa wamechoka, saa nane imepita na hakuna aliyelisoma kabrasha, muhtasari utaandikwa kwa maneno machache tu: "Wajumbe walipokea na kuridhia." Mwaka unaofuata mwananchi atauliza kwa nini nyumba haikujengwa, na diwani wake, ambaye huenda alikuwa ukumbini, hatakuwa na jibu.

Kipo kipengele cha ajenda ambacho ningependa kila anayesoma uzi huu akifahamu: yatokanayo na kikao kilichopita. Hapo huletwa jedwali linaloonyesha azimio lililopitishwa, nani alipewa kazi ya kulitekeleza, na hali ya utekelezaji. Safu ya mwisho ndiyo inayopima uhai wa kamati. Nimeandika majedwali ambayo azimio moja lilibeba maneno "utekelezaji unaendelea" robo baada ya robo, na hakuna mjumbe aliyeuliza unaendelea hadi wapi. Nimeandika pia majedwali ya kamati ambayo mwenyekiti wake, mkulima asiye na elimu ya sekondari, alikataa kupokea maneno hayo. Alikuwa akimwambia mkuu wa idara kwa upole kabisa, "Mheshimiwa mtaalamu, tuandikie kilichofanyika, kilichobaki, na lini kitakwisha." Kwa muda aliokuwa mwenyekiti, taarifa za idara hiyo zilibadilika, kwa kuwa watumishi walijua zitasomwa.

Kamati hufanya pia ziara za kukagua miradi. Huko diwani makini huomba mchanganuo wa gharama kabla ya kushuka kwenye gari. Mchanganuo ukisema bati za geji 28, na fundi akawa ameezeka geji 30, ambazo ni nyembamba zaidi, hoja hiyo inapaswa kuonekana siku ile ile, juu ya paa lile lile, kabla ya jengo kupakwa rangi na kuzinduliwa. Baada ya hapo tutakuja kuisoma kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakati mkandarasi ameshalipwa na mtumishi aliyesimamia amehamishiwa mkoa mwingine.

Mipaka ya diwani nayo tuiseme wazi, ili tusimdai asichokuwa nacho. Diwani si mjumbe wa bodi ya zabuni, na hapaswi kumchagua mkandarasi. Haidhinishi malipo. Hamwagizi mwalimu mkuu wala mganga wa zahanati kama vile ni watumishi wake binafsi. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ni katibu wa Baraza na hapigi kura, anateuliwa na Rais. Na jambo lolote ambalo diwani ana maslahi nalo, kwa mfano kiwanja chake au kampuni ya ndugu yake, anatakiwa kulitangaza na kujiweka kando wakati linaamuliwa.

Nitafurahi kupata maoni, hasa ya waliowahi kukaa kwenye vikao hivi.

Mlipa Ushuru

Nakushukuru kwa maelezo, ila nina shaka ambayo naomba uijibu bila kuipamba. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Ukomo wa bajeti unatoka Wizara ya Fedha. Mishahara inalipwa na Serikali Kuu. Mwaka 2017 sheria ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula; kwangu kama mkulima ilikuwa nafuu, lakini halmashauri haikuwa na namna ya kukataa. Kodi ya majengo nayo ilichukuliwa na Serikali Kuu, na tangu mwaka 2021 tunaikatwa tunaponunua umeme. Barabara ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, na maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu mwaka 2019. Sasa hiyo kamati inaamua nini hasa? Kwa nini nisione kwamba wanakutana kuthibitisha yaliyokwisha amuliwa Dodoma?

Mratibu wa Vikao (mwanzisha uzi)

Swali lako ni zito na linastahili heshima. Ni kweli kwamba madaraka ya halmashauri yamepungua, na binafsi nasikitika. Kamati ya Elimu, Afya na Maji bado inabeba neno "Maji" kwenye jina lake, lakini meneja wa RUWASA anakuja kama mwalikwa, anasoma taarifa, anajibu maswali, kisha anaripoti kwa wakubwa wake ambao hawawajibiki kwa kamati hiyo. TARURA ni vivyo hivyo. Diwani ambaye daraja la kata yake limekatika husimama mbele ya wananchi akiulizwa habari za barabara ambayo hana fungu lake wala mamlaka nayo. Naamini mipango ya wakala hizi ingepaswa kuamuliwa na Baraza kama ilivyokuwa kwa idara za halmashauri, na madiwani wengi wamekuwa wakilisema hilo.

Hata hivyo, kilichobaki si kidogo. Ushuru wa masoko, minada na stendi, ada za leseni, mauzo ya viwanja na sehemu ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya miradi, yote hayo hupangwa na kusimamiwa kupitia kamati. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri: rasimu hutangazwa, wananchi hutoa maoni, Baraza hupitisha, kisha huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwa idhini na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mama anayelipishwa ushuru wa kila siku kwa ajili ya fungu la nyanya sokoni analipa kwa mujibu wa jedwali lililopitia kwenye kamati, na kama kiwango chake ni kikubwa kupita kiasi, pa kukisahihisha ni hapo. Hata fedha za ruzuku zinapokuja kwa ajili ya madarasa au vituo vya afya, swali la kijiji gani kinaanza na kipi kinasubiri huamuliwa kwa kiasi kikubwa na vipaumbele ambavyo halmashauri iliviandika mapema.

Baraza lina mamlaka ya nidhamu kwa watumishi pia, na ndiyo maana wakati mwingine mwenyekiti huwaomba wageni na waandishi wa habari watoke ukumbini ili Baraza likae kama kamati. Yanayotoka humo huweza kumsimamisha au kumfukuza kazi mtumishi aliyefuja mali ya umma.

Mtendaji wa Zamani

Nimekuwa mtendaji wa kijiji na baadaye wa kata, kwa hiyo nitaongeza upande wa chini, ambao ndugu mwanzisha uzi ameupita. Diwani ana kamati moja ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake kwa nafasi yake: Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC. Wajumbe wake ni wenyeviti wa vijiji au wa mitaa, mtendaji wa kata ni katibu, na wataalamu wa kata huhudhuria. Kamati hii ikiwa dhaifu, diwani huenda wilayani mikono mitupu.

Chukueni mfano wa boma la zahanati. Wananchi wamekubaliana kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wamechangia, wamesomba mawe na mchanga, ukuta umefika kwenye lenta, na nguvu yao imeishia hapo. Ili boma hilo lipauliwe kwa fedha za halmashauri, lazima liandikwe kwenye vipaumbele vya kijiji, vipaumbele hivyo vipite WDC, viende kwa timu ya menejimenti ya halmashauri, viingie Kamati ya Elimu, Afya na Maji, vikutane na miradi mingine kwenye Kamati ya Fedha, ndipo vifike Baraza la bajeti ambalo hukaa mapema mwanzoni mwa mwaka. Baada ya hapo bajeti hupita mkoani na TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia serikali za mitaa, kisha Bunge, na utekelezaji huanza Julai Mosi. Maana yake ni kwamba boma ambalo halikusemwa kwenye vikao vya kata mwishoni mwa mwaka uliotangulia litakuwa limechelewa, hata kama diwani atalia machozi barazani mwezi wa tano.

Na kusema hakutoshi, lazima liandikwe ipasavyo. Nimeona mihtasari ya WDC iliyosema, "Wajumbe waliomba zahanati ikamilishwe." Zahanati ipi? Imefikia wapi? Kinachohitajika ni nini? Mchumi wa halmashauri aliyekaa na mihtasari ya kata zote mezani hana namna ya kulitia jambo hilo kwenye makisio. Muhtasari mzuri huandika hivi: "WDC imeazimia kuwa ukamilishaji wa boma la zahanati la kijiji hiki uwe kipaumbele cha kwanza cha kata katika makisio ya mwaka ujao wa fedha. Wananchi wamejenga hadi hatua ya lenta kwa nguvu zao. Kilichobaki ni kupaua, plasta, sakafu, milango na madirisha. Makadirio ya mhandisi yameambatishwa." Diwani mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi anapoingia kwenye kamati ya wilaya huzungumza dakika tatu na kueleweka.

Kwa hiyo nawasihi wananchi wa vijijini wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mimi nimeitisha mikutano iliyoahirishwa kwa kukosa akidi, na watu wale wale wasiofika ndio waliokuja ofisini kuuliza kwa nini kijiji chao kimesahaulika.

Viti Maalum

Asalaam aleikum. Mimi ni diwani wa viti maalum, na naomba kuzungumzia kundi letu kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba hatuna kazi maalumu. Sheria inataka madiwani wanawake wa viti maalum wasipungue theluthi moja. Kura yetu kwenye Baraza ni sawa na ya diwani wa kata, na kwenye kamati tunapangwa kama wengine.

Eneo ambalo nimejifunza kuwa kamati ina meno ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, likasitishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho duni na vikundi visivyokuwapo, na baadaye likarejeshwa kwa utaratibu mpya. Mimi naamini sehemu ya lawama ni yetu sisi tulioketi kwenye kamati za halmashauri mbalimbali. Taarifa zililetwa zikiwa na jumla tu, kwamba vikundi kadhaa vimekopeshwa kiasi fulani, nasi tukazipokea. Jumla haisemi kitu. Orodha ya vikundi kwa kata, majina ya viongozi wake, shughuli wanayofanya, tarehe waliyokopeshwa na kiasi walichorejesha ndiyo inayosema. Siku orodha ya namna hiyo ilipoletwa kwenye kamati yetu, wajumbe walianza wenyewe kuonyeshana kwa kidole: kikundi hiki kiko kijijini kwangu na sijawahi kukiona kikifanya kazi. Hakuna mkaguzi kutoka Dodoma ambaye angeweza kujua hivyo kwa haraka kama diwani anayeishi na watu hao.

Ningependa wanajamvi wafahamu pia ugumu wa kusoma makabrasha. Kikao ni Jumanne, kabrasha linafika Jumatatu jioni, lina kurasa mia na kitu zilizojaa majedwali. Mafunzo tunayopewa baada ya kuapishwa ni ya siku chache. Diwani asiyejua nini maana ya bakaa, yaani fedha iliyobaki bila kutumika, au tofauti ya makisio na matumizi halisi, atakaa kimya kwa kuogopa kuonekana mjinga, na mtaalamu mwenye nia mbaya anaupenda sana ukimya huo. Nilipoanza, dada mmoja aliyenitangulia aliniambia niwe naomba kabrasha lirudishwe na ajenda iahirishwe endapo limechelewa. Nimelifanya hilo kwenye kamati, mwenyekiti akaniunga mkono, na tangu hapo nyaraka za kamati yetu zinafika mapema.

Mlipa Ushuru

Dada yangu, nimekuelewa, na nimepunguza shaka zangu kidogo. Bado nina swali kwenu nyote. Kabla ya Baraza huwa kuna kikao cha madiwani wa chama, ambako nasikia msimamo huwekwa. Kama karibu wote ni wa chama kimoja, je, maamuzi hayajahamia huko, mahali ambapo sisi hatuingii wala hatuoni muhtasari?

Mratibu wa Vikao (mwanzisha uzi)

Vikao vya chama vipo, na vina uzito mkubwa hasa wakati wa kuchagua viongozi, yaani mwenyekiti au meya, makamu ambaye huchaguliwa kila mwaka, na wenyeviti wa kamati. Huko msimamo ukiwekwa, ni mara chache kuvunjwa. Katika Baraza lenye chama kimoja karibu tupu, hatari ninayoiona ni kwamba hoja ngumu humalizwa faraghani na kinachobaki hadharani ni kupongezana, na hilo halimsaidii mwananchi wa chama chochote, akiwemo mwanachama wa chama chenye madiwani wengi.

Lakini kikao cha chama hakiletewi taarifa ya mapato ya mwezi chanzo kwa chanzo, wala hakikagui mchanganuo wa gharama za boma, wala hakipitii jedwali la yatokanayo. Kazi hiyo ya kila robo mwaka hubaki kwenye kamati, na kwa uzoefu wangu madiwani wa chama kimoja hubishana humo kwa ukali kabisa, kwa sababu kila mmoja anataka boma la kata yake liingie kwenye makisio na fedha hazitoshi. Ushindani wa kata na kata ni wa kweli, hata pale ambapo ushindani wa vyama umetoweka.

Kuhusu ukali wa maneno, ningependa kuongeza jambo. Baraza kwa kawaida hukaa siku mbili: siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, na siku ya pili huwasilishwa taarifa za kamati. Siku ya kwanza ndiyo yenye video tunazozipenda, kwa sababu kila diwani anaeleza shida za kwake. Siku ya pili ukumbi huwa mtulivu, mwenyekiti anaita ukurasa kwa ukurasa, na mabilioni ya shilingi hupita. Nawaomba wenye nafasi wahudhurie siku ya pili, kwa kuwa mikutano ya Baraza ni ya wazi na mwananchi anaruhusiwa kuketi na kusikiliza.

Mtendaji wa Zamani

Naunga mkono. Naongeza kwamba mwananchi anayehudhuria afike akiwa amejua ajenda. Kwenye mbao za matangazo za kata na kijiji panatakiwa kubandikwa taarifa za mapato na matumizi, na fedha za miradi zikipokelewa zinatakiwa kutangazwa. Mkiona ubao ni mtupu, muulizeni mtendaji wenu kwa adabu, na mkiona anazungusha maneno, lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji liingie kwenye muhtasari.

Mlipa Ushuru

Swali langu la mwisho. Mihtasari ya kamati naipataje? Nimewahi kwenda ofisi moja ya halmashauri, nikaambiwa kuwa hizo ni nyaraka za ndani na nikaulizwa natumwa na nani.

Mratibu wa Vikao (mwanzisha uzi)

Pole kwa usumbufu huo. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma na inaitaka taasisi ijibu ndani ya siku 30. Usiombe "mihtasari yote", kwa sababu ombi la namna hiyo ni rahisi kulizungusha. Taja kamati, robo ya mwaka na jambo lenyewe, kwa mfano: azimio la Kamati ya Elimu, Afya na Maji kuhusu ukamilishaji wa maboma ya zahanati katika robo ya pili, pamoja na jedwali la utekelezaji wake. Jambo la nidhamu la mtumishi halitatolewa, na ni haki lisitolewe. Barua ipeleke masjala, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala nyingine mpe diwani wako, ili kamati itakapokutana tena aweze kuuliza kama umejibiwa.